Onja Kwanza

Nilianza kumshuku mke wangu kwa sababu ya omena.

Mtu asiyekula omena hawezi kulielewa jambo hili vizuri, kwa hiyo nieleze kidogo. Omena ni dagaa wadogo wa ziwani, na harufu yao ikianza kutoka sufuriani, hata jirani wa mbali anajua mnakula nini. Nimekulia ndani ya harufu hiyo. Jioni hiyo nilirudi kutoka dukani, nikanawa, nikapeleka tonge kinywani, na ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyotiwa chumvi. Nikaongeza tonge la pili. Chumvi niliisikia, ukali wa nyanya niliusikia, lakini omena yenyewe haikuwepo. Nikamwambia mke wangu chakula hakina utamu, nikamtazama. Alikuwa anakula vizuri tu, bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililonitia mimi wasiwasi.

Nina duka mjini Rongo. Nauza mbegu, mbolea, dawa za ng'ombe na kuku, dawa za wadudu, na sumu ya panya. Mtu anayekuja kununua sumu ya panya kwa ajili ya panya huwa na hadithi. Atakwambia jinsi walivyotoboa gunia la mahindi, jinsi walivyotafuna sare ya mtoto, na paka wake alivyo mvivu. Asiye na hadithi mimi humuuliza maswali, na kuna niliowahi kuwarudisha nyumbani mikono mitupu. Kazi hiyo imenifundisha kuangalia mikono ya watu zaidi ya nyuso zao. Basi nikaanza kuiangalia mikono ya mke wangu.

Unapotafuta, hukosi. Dada yake alikuwa akija kutoka kwao Sindo na mfuko, wanaingia jikoni wawili, wanazungumza kwa sauti ya chini, na nikitokea mlangoni wanaanza kuzungumzia mvua. Jioni moja nilisimama nje ya dirisha la jikoni nikamwona mke wangu akifungua kijikaratasi, akanyunyiza unga wa kahawia ndani ya mchuzi, akaonja, akatikisa kichwa, akaongeza tena. Nilipompigia mama yangu simu kumweleza, aliguna kwanza, kisha akasema wanawake wa ziwani wanajua dawa za kuwatuliza waume, wawe wapole, wawe wanatazama tu kama ng'ombe aliyeshiba. Mama mwenyewe katoka ziwani, lakini hilo hakulihesabu.

Na kweli nilikuwa nimebadilika. Kichwa kilikuwa kinaniuma kuanzia kisogoni asubuhi nyingi. Funguo za duka nilizikuta ndani ya debe la mbegu za sukuma, nikauliza kwa ukali ni nani aliyeziweka humo. Hasira ilikuwa inanipanda ghafla kwa jambo dogo, kikombe au mlango, na ikishashuka sikumbuki vizuri ilianzia wapi. Mengine mengi yalikuwa yanateleza kichwani namna hiyo. Yote hayo niliyatia kwenye hesabu ya kile kijikaratasi.

Sasa nieleze nilichofanya, maana watu wa Rongo wanakieleza vibaya. Marehemu babu yangu, kabla hajaokoka, alikuwa mnywaji wa busaa, pombe ya nafaka, na hakuwahi kupokea kibuyu kutoka kwa mama yeyote kabla mama huyo hajapiga funda moja mbele yake. Hakuna aliyekasirika. Muuzaji alikunywa, akafuta midomo, akakukabidhi, ukajua pombe ni salama. Huo ulikuwa utaratibu wa kilabuni. Mimi, mtu nisiyekunywa, Msabato wa kubatizwa, niliubeba utaratibu huo nikauweka kwenye meza yangu ya chakula.

"Onja kwanza," nilimwambia mke wangu.

"Nionje nini?"

"Chakula. Onja nikikuona."

Alicheka. "Kwani leo mimi ni mama pima wa kilabuni?"

Sikucheka. Akanitazama, akagundua kwamba sitanii, na uso wake ukakunjamana. Akachukua kijiko, akaonja mchuzi, akamega ugali, akatafuna, akameza. Kisha akanisogezea sahani. Nikala. Hakukuwa na ladha, lakini angalau nilijua nitaamka kesho.

Tukaishi hivyo. Kila mlo alionja, nami nikala kilekile alichoonja, na hata siku moja haikunijia akilini kwamba kama sote tunakula chakula kimoja na yeye anausikia utamu wake, basi chakula hakina makosa. Nilifikiri labda kuna dawa inayomjua mtu wake. Mtu akishaamua kushuku, hakosi pa kupitia.

Mambo yaliharibika siku dada yake alipokuja tena. Walikuwa wamepika kuku. Tuliketi sote watatu, mke wangu akanipakulia, na mimi nikasema maneno yangu ya kila siku mbele ya mgeni: "Onja kwanza." Dada yake aliacha mkono wake hewani. Mke wangu akaonja kipande changu, akakimeza, akasema, "Nimeonja. Kula basi. Mimi nimeshiba." Akaondoka mezani.

Asubuhi nilimkuta mlangoni na begi. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la kwao, na mimi tangu siku ya harusi nimemwita nyar Sindo, binti wa Sindo, kwa mapenzi. Nikamwuliza, "Nyar Sindo, unaenda wapi?"

"Kwetu. Nitakaa huko mpaka ujue kama mimi ni bibi yako ama ni mtu wa kukuua."

Nilijiambia kwamba amekimbia kwa sababu nimemfumania. Kisha nikakaa kitandani, upande wake, nikaombea arudi kabla ya jioni. Hakurudi jioni hiyo wala juma hilo. Nilimpenda na nilimwogopa, na nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kunitia hofu.

Nikaanza kujipikia, na hapo ndipo ningepaswa kuamka. Chakula nilichokipika kwa mikono yangu mwenyewe, kwa unga niliousaga mwenyewe, kilikuwa hakina ladha vilevile. Lakini mimi nilimbadilisha muuza nyanya. Halafu nikamshuku mwenye duka kwamba anachanganya mafuta ya kupikia, nikamwambia hivyo mbele ya wateja wake, tukakosana. Dukani kwangu nako chupa ya dawa ya kupe ilivuja chini ya rafu, nikashinda humo mchana kutwa nikiwashangaa wateja wanaosimama barabarani wakiwa wameziba pua na kuniagizia wakiwa hukohuko. Nilijua ni nini. Ni yule jamaa mwenye duka kama langu ng'ambo ya barabara, amewalipa wanitangaze vibaya.

Ikafika Ijumaa. Sisi Wasabato Ijumaa ndiyo siku ya maandalizi. Chakula cha Sabato kinapikwa kabla jua halijatua, ili kesho yake mtu asishinde jikoni. Mzee wa kanisa letu alikuwa ameniambia atapita kwangu baada ya ibada, yeye na ndugu mwingine, tuzungumze habari za mke wangu. Nikataka kuwaonyesha kwamba nyumba yangu haijaanguka. Nikaenda sokoni nikanunua samaki, mbuta mkubwa mwenye umbo zuri, na muuzaji akanipunguzia bei kabla sijaomba. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, mimi mwenye kushuku kila mtu. Mke wangu huwa anafunua mashavu ya samaki na kuinamisha uso kabla ya kutoa pesa. Mimi nilitazama umbo. Nikapika, nikafunika sufuria, nikaiacha mezani, maana stima ilikuwa imepotea na friji ilikuwa kabati tu. Usiku ulikuwa wa joto.

Kesho yake tulitoka kanisani tukaja kwangu. Nikaomba baraka, nikafunua sufuria, nikasema, "Karibuni."

Yule ndugu alitoa leso akajifanya anapenga makamasi. Mzee alirudisha kiti nyuma. Mimi nikapakua, nikaanza kula, nikawahimiza wasione haya. Nilikuwa nimeshameza tonge kadhaa mzee aliposema, "Ndugu, hiyo samaki imeoza."

"Nimeipika jana tu, mzee."

"Ilioza kabla ya jana."

"Mbona mimi nakula?"

"Hicho ndicho ninachouliza na mimi." Akasimama. "Ndugu, wewe una duka la sumu. Bibi yako amekimbia, tunaambiwa ni mambo ya chakula. Halafu leo unatuita mezani, unatuwekea hii. Unataka nini na sisi?"

Aliniangalia mikono. Niliijua ile namna ya kutazama, maana ni yangu. Sijawahi kuumia kwa macho ya mtu kama nilivyoumia siku hiyo, na huyo ni mzee aliyesimamia ndoa yetu.

Walipoondoka, nikiwa bado na hasira nao, nilichukua kitunguu nikakikata, nikakileta puani. Macho yalinitoka machozi lakini harufu sikuisikia. Nikafungua dumu la mafuta ya taa, nikavuta pumzi mpaka kifuani. Hakuna kitu. Nikatoka nikaenda chooni nyuma ya nyumba, choo cha shimo, nikaondoa kifuniko na kuinama juu ya tundu, mtu mzima mwenye suti ya kanisani, nikanusa kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa hewa tu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na jioni hiyo tumbo lilinitesa mpaka asubuhi, na nilistahili.

Nilikwenda hospitali Homa Bay, maana Rongo wangenijua. Daktari alikuwa binti mpole, akanisikiliza, akaniuliza, "Baba, umewahi kuumia kichwa?"

"Hapana."

"Ajali? Kuanguka?"

"Hapana."

"Shuleni ulicheza mchezo gani?"

Hapo nikatabasamu na kunyoosha mgongo. Nilimwambia nilicheza raga, timu ya kwanza, katika shule ya bweni huku huku upande wa ziwa. Bado ni jambo ninalojivunia. Nilikuwa katikati ya safu ya mbele, kwenye skramu, pale makundi mawili yanapoinama na kugonganisha vichwa na mabega yasukumane. Uwanja wetu wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kuliko barabara. Tulicheza hivyo kwa miaka yote ya sekondari, na mazoezini tuligongana zaidi kuliko kwenye mechi, kwa sababu mwalimu wetu wa michezo aliamini kichwa nacho hukomaa kwa kazi, kama kiganja.

"Na ulizimia wakati wowote?"

Nilicheka. Nani hakuzimia? Ulikuwa ukianguka unamwagiwa maji, unakalishwa, na mwalimu anakuja mbele yako anainua vidole na kuuliza ni vingapi. Ukipata, unarudi uwanjani. Nasi siku zote tulipata, maana siku zote aliinua viwili. Timu nzima ilijua. Kidato cha kwanza aliyeingia timu alifundishwa hilo hata kabla ya kufundishwa kutoa pasi: ukiulizwa, sema viwili. Niliwahi kusema viwili nikiwa siuoni mkono wenyewe, nikarudi, na naambiwa nilifunga bao. Sikumbuki bao hilo. Watu walinisimulia, nikalibeba miaka yote kama langu.

Daktari aliacha kuandika. Akaniambia mshipa wa harufu ni mwembamba sana, unapita kwenye matundu madogo ya mfupa juu ya pua, na kichwa kikitikiswa kwa nguvu unaweza kuchanika. Mara nyingine unakufa polepole, mtu asijue mpaka umeisha. Akasema hawezi kuapa kwamba ni raga, kuna sababu nyingine pia, nifanyiwe picha na nirudi. Halafu akauliza habari za usingizi, kusahau, na hasira. Nilivyojibu ndivyo sauti yangu ilivyopungua.

"Na kuwashuku watu?" akauliza.

"Hiyo pia ni ya kichwa?"

"Inaweza kuwa, baba. Si lazima."

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi karibu na lango. Nilihisi nimeibiwa, na mwizi alikuwa ndani yangu mwenyewe. Kama kushuku kwangu ni ugonjwa, basi nitajuaje lini nashuku kwa haki? Hata daktari nilianza kumshuku, pale pale kwenye benchi, kwamba anataka nirudirudi. Kisha nikagundua ninachofanya nikaacha, angalau kwa dakika chache.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye sikuacha kumshuku, na sijaacha mpaka leo. Mwalimu wetu wa michezo ameshafariki, na alitupenda, alikuwa akitununulia mandazi kwa mshahara wake. Lakini mkono una vidole vitano. Kwa nini kila siku viwili? Alijua kwamba tunajua? Alitaka tupate, ili timu isipungue? Nilimpigia simu rafiki yangu wa zamani aliyekuwa ameshikana nami bega kwenye skramu, yuko Migori mjini, nikitaka kumwuliza. Mke wake ndiye aliyepokea. Alisema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi mzee wake hapokei simu, anasema watu wanamsikiliza humo ndani. Nikamshukuru, nikakata.

Nikaenda Sindo. Mzee wa kanisa alikubali kunisindikiza nilipomweleza ya daktari, ingawa njiani alikaa mbali kidogo nami. Kwa wakwe hatukupokewa kwa vigelegele. Dada ya mke wangu ndiye aliyetutolea viti, na alipokiweka changu aliniambia bila kunitazama, "Kile kijikaratasi ulichomsimulia mama yako, ora, kilikuwa bizari. Ulimwambia chakula chake hakina utamu, akawa anakutafutia utamu."

Ora ni shemeji, na hajawahi kuniita hivyo kwa sauti ile.

Nikamweleza baba mkwe yote, mbele ya wanawe: omena, samaki, kitunguu, choo, daktari. Nilipofika kwenye vidole viwili, mmoja wa mashemeji alicheka peke yake. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akisikiliza. Sikuweza kuusoma uso wake. Nilisema nimekuja kumchukua na kwamba asipotaka nitarudi peke yangu.

Chakula kikaletwa. Ngege wawili, samaki wa ziwa lile lile linaloonekana kutoka uani, wamepikwa kwa nyanya, na ugali unafuka moshi. Nilinawa mikono. Nikaona kwamba hakuna mtu aliyekuwa anakula. Baba mkwe, wanawe, hata mzee wa kanisa, wote walikuwa wameshika tonge na kunisubiri. Mkubwa wa mashemeji akasema, akijaribu kuufanya mzaha, "Ora, tuonje sisi kwanza, ama?"

"Hapana," nikasema.

Sikusikia harufu yoyote kutoka kwenye sahani ile. Kwa pua yangu ingeweza kuwa samaki wa leo au wa juzi, ingeweza kuwa na chochote ninachouza dukani. Nikamega ugali, nikanyoosha mkono kwenye samaki.

"Ngoja," mke wangu akasema.

Alitoka mlangoni, akaja akapiga magoti kando ya meza, akausogeza mkono wangu pembeni. Akanyofoa kipande cha samaki upande wa tumbo, mahali panapoharibika kwanza, akakinusa, akakila, akakitafuna taratibu mbele yetu sote.

"Hiyo ni nini unafanya?" baba yake akamwuliza, akikasirika kwa niaba yake.

"Huyu hasikii harufu, baba. Lazima mtu amwonjee, na kule Rongo hakuna mwingine." Akanirudishia mkono wangu kwenye sahani. "Ni mzuri. Sasa kula."